Kinyume, kutendua na bikoni za Kililana

KIJANA mmoja wa Kililana, Kaunti ya Lamu, ameniletea ukurasa mmoja na ombi moja. Anasomea shahada ya uzamili katika hisabati, na ukurasa wenyewe ni ikisiri ya tasnifu yake. Aliiandika kwa Kiingereza kama chuo kilivyotaka, kisha akaifasiri kwa Kiswahili kwa sababu babake alimuuliza swali ambalo wazazi wengi hulimeza: "Mwanangu, hasa wasoma nini huko?" Ombi lake ni kwamba niukosoe ukurasa huo hapa hadharani, nisimwonee haya, mradi nisimtaje jina.

Nimekubali, na kwa furaha. Ni mara chache safu hii hupata mgonjwa anayekuja mwenyewe kwa miguu yake.

Anwani aliyoiweka ni hii: "Uthabiti wa Kinyume cha Jumla cha Waendeshaji wa Anga ya Hilbert chini ya Misukosuko." Hebu msomaji uisome kama mzee wa Kililana angeisoma, miwani puani, kikombe cha kahawa pembeni. Waendeshaji ni watu wa bodaboda. Anga ni huko zinakopita ndege. Kinyume cha jumla kila mwenye duka anakijua: ni rejareja. Kwa hiyo mtoto amekwenda chuo kikuu kusomea bei ya rejareja ya marubani wenye matatizo. Mzee ana haki ya kuuliza karo inakwenda wapi.

Nacheka, lakini jambo lenyewe si la kuchekesha. Kililana ipo bara, kando ya Ghuba ya Manda, na ndiko zilikojengwa gati za kwanza za bandari mpya ya Lamu. Ujenzi ulizinduliwa Machi 2012, Rais Mwai Kibaki akiwa pamoja na wakuu wa Sudan Kusini na Ethiopia, na gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Panapojengwa bandari, ardhi hupimwa. Na ardhi ikipimwa ili watu walipwe fidia au wapewe hatimiliki, kosa la kipimo huwa kosa la pesa. Kijana ananiambia kwamba babake, ambaye hajakaa darasa la hisabati hata siku moja, anajua kusimama mbele ya bikoni na kubishana na soroveya. Sasa mtoto wake anasomea hisabati ambayo, hata kama haisemi hivyo katika ikisiri, ni hisabati ya masoroveya. Hapo ndipo ukurasa huu unaponiudhi. Mzee angeweza kuelewa, na maneno ndiyo yaliyomzibia mlango.

Tuanze na neno kinyume, maana ndilo lenye makosa mengi na ndilo lenye utamu.

Shuleni tunafunzwa "vinyume vya maneno" kama mada moja. Mwanafunzi huandika: mrefu, mfupi; cheka, lia; enda, rudi; anika, anua; funga, fungua. Mwalimu anaweka alama ya vema kwote na maisha yanaendelea. Lakini hapo tumechanganya ndugu na majirani. Kulia hakuondoi kicheko kilichokwisha chekwa. Kufungua kunaondoa kufunga. Anayefunga mlango kisha akaufungua ameurudisha mlango ulipokuwa. Anayecheka kisha akalia hajarudisha chochote, amefanya mambo mawili tu, na pengine watu wameanza kumtazama.

Kiswahili kina umbo maalumu la kazi hii ya pili, nalo ni kauli ya kutendua. Ziba, zibua. Kunja, kunjua. Fukia, fukua. Tega, tegua. Tata, tatua. Ezeka, ezua. Pakia, pakua. Lugha nyingi hulazimika kuongeza neno zima ili zipate maana hiyo. Sisi tunageuza irabu moja au mbili na kazi imekwisha. Wapo hata wanaoliona neno kosoa kama kutendua kosa, jambo linalonipa heshima nisiyoistahili katika kazi yangu ya kila wiki.

Na wanahisabati wakisema "kinyume" katika muktadha wa kijana huyu, hawana haja na mrefu na mfupi. Wanataka fungua. Wana tendo linalochukua kitu na kukigeuza kuwa kingine, nao wanauliza: lipo tendo la kulitendua? Neno kinyume linawayumbisha hata wao. Muulize mwanafunzi kinyume cha 5 ni kipi. Mmoja atasema hasi 5, mwingine atasema moja ya tano, na wote wawili wako sawa kwa namna yao.

Wenzetu wa Tanzania, ambao shule zao za msingi zimefundisha hisabati kwa Kiswahili tangu mwisho wa miaka ya 1960, walikwisha kupita njia hii bila kelele. Wanasema kipeo cha pili cha 5 ni 25, na kipeuo cha pili cha 25 ni 5. Tazama irabu hiyo u ilivyochomekwa: kipeo, kipeuo. Ni kauli ya kutendua iliyovaa nguo za nomino. Kwa mfano huohuo nampendekezea kijana neno kitenduo. Halihitaji maelezo marefu. Hata simu na kompyuta zilizotafsiriwa hutumia tendua kwa amri ya kufuta ulichofanya punde hivi.

(Kwenye kipeuo pana somo jingine, nitalirudia. Hasi 5 pia ikizidishwa kwa yenyewe huzaa 25. Kipeo kimemeza alama ya hasi na hakiitapiki tena. Kipeuo kinapojibu 5, hakijakumbuka. Kimechagua.)

Sasa, si kila kitenzi kina kutendua. Pika haina mwenziwe. Hakuna anayeupikua wali ukarudi mchele. Saga pia haina. Unga ukishakuwa unga, mahindi yameaga. Lugha haikusahau kuyaunda maneno hayo. Haina kazi nayo, kwa sababu matendo hayo hupoteza kitu ambacho hakirudi. Hivyo ndivyo ilivyo katika hisabati. Tendo linalopoteza habari halina kinyume kamili. Hapo ndipo wanahisabati walipojiuliza: basi, kama hatuwezi kurudisha vyote, tunaweza kurudisha nini?

Jibu lilikuja kwa vipande, na kwa watu waliokuwa hawasikilizani. Mmarekani E. H. Moore alilitoa mwaka 1920 kwa lugha nzito kiasi kwamba wachache waliielewa. Mwaka 1951 Arne Bjerhammar wa Uswidi akalifikia upya, na huyu hakuwa mwanahisabati wa makabati. Alikuwa mtu wa upimaji wa ardhi. Mwaka 1955 Roger Penrose, Mwingereza ambaye miaka mingi baadaye angepata Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya mashimo meusi ya angani, akaliandika kwa masharti manne mafupi. Mawili ya kwanza yanasemeka kwa Kiswahili vizuri kuliko yanavyosemeka kwa Kiingereza: tenda, tendua, kisha tenda tena, ni sawa na kutenda mara moja, tendua, tenda, kisha tendua tena, ni sawa na kutendua mara moja. Mwezekaji wa makuti anaelewa. Ezua paa na makuti hayarudi mabichi, lakini ezeka, ezua, ezeka, na paa lipo. Mawili yaliyobaki yanahusu pembe mraba, na kazi yake ni kuhakikisha kwamba kati ya vitenduo vyote vinavyowezekana unapata kimoja tu.

Kitu hicho ndicho kijana alichokiita "kinyume cha jumla". Neno jumla hapa limetoka moja kwa moja katika kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, mstari wa kwanza, bila kuulizwa hodi. Maana inayotakiwa ni kwamba dhana ya kutendua imepanuliwa ili iyakumbatie hata matendo yasiyotenduka kikamilifu. Mimi ningesema kitenduo kipana. Atakayekuja na neno bora nitampisha.

Hadi hapa nimekosoa maneno. Sasa nakosoa kauli, na hapa kijana avumilie. Sentensi yake ya pili inasema: "Kinyume cha jumla hurudisha hali ya awali hata pale kinyume cha kawaida kinaposhindwa." Ukiniuliza, hii ndiyo sentensi mbaya kuliko zote katika ukurasa mzima, na Kiswahili chake hakina doa. Ubaya wake ni kwamba si kweli.

Chukua shamba la pembe nne lililopotelewa na bikoni zote, pengine zimeng'olewa na tingatinga, pengine na mtu. Kilichobaki ni daftari la vipimo: urefu wa pande nne na wa mistari miwili ya kukatiza. Vipimo sita. Soroveya anatafuta mahali pa kona nne kwenye ramani, na kila kona ina namba mbili, ya mashariki na ya kaskazini. Jumla namba nane. Hata angekuwa na vipimo mia vya aina hiyo, asingezipata zote nane. Urefu peke yake unakuambia shamba lina umbo gani na ukubwa gani. Haukuambii limelala wapi. Lisogeze mashariki, lisogeze kaskazini, lizungushe kama meza: pande zake zinabaki zilezile. Mambo matatu yamepotea, na hakuna hesabu itakayoyarudisha.

Kitenduo kipana hakikwami hapo. Kinatoa jibu moja, tena jibu zuri: kati ya mahali pote panapolingana na vipimo, huchagua palipo karibu kabisa na makadirio ya mwanzo ya soroveya. Palipopotea habari, kinaweka sifuri. Sifuri hiyo ina maana "sikuambiwa, kwa hiyo sikusogeza". Haina maana "nimepima nikakuta sifuri". Tofauti ya kauli hizo mbili ni kubwa. Ukubwa wa shamba la mzee, ekari zake, umetoka kwenye vipimo. Mahali pake umetoka kwenye chaguo la mtu. Mzee akisoma kwamba mwanawe anasomea hesabu ya "kurudisha hali ya awali", atakwenda kwenye kikao akidai kwamba kompyuta inaweza kumrudishia bikoni zake pale zilipokuwa. Haiwezi. Inataka walau bikoni moja inayojulikana mahali pake, na mwelekeo mmoja, au siku hizi chombo cha kupokea mawimbi ya setilaiti.

Kijana atasema: lakini mimi nimeandika kuhusu uthabiti, si kuhusu mashamba. Haya, twende kwenye uthabiti.

Kiswahili kina maneno matatu yanayogombania nafasi hii: imara, tulivu na thabiti. Nguzo imara haivunjiki. Bahari tulivu haina mawimbi. Mtu thabiti hupigwa na mawimbi na bado ukirudi kesho unamkuta pale ulipomwacha, au hatua moja kando. Kwa hiyo uthabiti ni chaguo sahihi, na hapo nampa alama zote. Swali la tasnifu yake ni hili: tendo likibadilika kidogo sana, kitenduo chake kitabadilika kidogo sana, au kitaruka?

Lakini misukosuko? Neno hilo lina machozi ndani yake. Tunasema misukosuko ya maisha, misukosuko ya kisiasa. Hisabati hapa inazungumzia kitu kidogo kama pumzi: milimita moja ya utepe, tarakimu ya sita baada ya nukta. Mtikisiko mdogo unatosha. Na hilo "chini ya" lirudi lilikotoka. Kwa Kiswahili mtu hukaa chini ya mwembe. Hakai chini ya mtikisiko, mtikisiko humpata. "Panapotokea mtikisiko mdogo", basi.

Ili mzee aone tatizo lenyewe, tumpe bikoni tatu. Mbili ziko imara, mita 200 kati yake, kando ya barabara. Ya tatu iko katikati, karibu na mstari ulionyooka, nasi tunataka kujua imekengeuka kiasi gani kutoka kwenye mstari huo kwa kupima urefu kutoka kila upande. Ikiwa imekengeuka mita 1, kila urefu utakuwa mita 100 na milimita 5. Mita nzima ya ardhi imejificha ndani ya milimita 5 za utepe! Kwa hesabu ya hatua ya kwanza ya soroveya, bikoni hiyo ikiwa nje ya mstari kwa mita 1, kila milimita 1 ya kosa la utepe humsogeza sentimita 10 kando. Ikiwa nje kwa sentimita 10, milimita hiyohiyo humsogeza mita 1. Ikiwa nje kwa sentimita 1 tu, mita 10. Kadiri mstari unavyonyooka ndivyo jibu linavyofura.

Na mstari ukinyooka kabisa? Ungetarajia jibu lifure hadi lipasuke. Halipasuki. Linaruka na kuwa sifuri. Kwenye mstari ulionyooka kabisa, utepe hausemi lolote kuhusu kukengeuka kando, na kitenduo kipana, kama tulivyoona, palipo kimya huweka sifuri. Kwa hiyo kutoka 10 kwenda 100 kwenda 1,000, mara ghafla sifuri. Hiyo ndiyo sura ya kukosa uthabiti, na huhitaji anga yoyote kuiona. (Masoroveya wanalijua hili kwa ngozi yao. Ndiyo maana hupima pembe pia na hawategemei utepe pekee.)

Kinachobadilika ghafla hapo ni kile ambacho kijana amekiita cheo cha matriki, yaani idadi ya pande zilizo huru ambazo vipimo vinaziona. Nilipolisoma neno cheo nilidhani nimempata tena; nikatabasamu, nikanyoosha kalamu. Kisha nikakumbuka kwamba kamusi za zamani, ile ya Johnson ya 1939 ikiwemo, zinalipa cheo maana ya kipimo kabla ya kulipa maana ya ukubwa wa afisa. Cheo ni kipimo. Sijui kama alilijua au bahati ilimwangukia, ila neno ni zuri na libaki. Cheo kisipobadilika, mtikisiko mdogo wa tendo huzaa mtikisiko mdogo wa kitenduo. Cheo kikibadilika, kitenduo huruka. Ni sheria fupi, na Per-Åke Wedin, Mswidi mwingine, aliiwekea namba mwaka 1973: cheo kikibaki kilekile, tofauti kati ya vitenduo viwili haizidi ukubwa wa cha kwanza, mara ukubwa wa cha pili, mara ukubwa wa mtikisiko, mara 1.618 na ushee. Wanaopenda majengo na michoro wataitambua namba hiyo: ni ileile iitwayo uwiano wa dhahabu. Imetokea hapo bila kualikwa, na kijana ameiacha nje ya ikisiri yake kana kwamba si jambo.

Sasa huyo Hilbert. David Hilbert alikuwa Mjerumani wa Göttingen aliyefariki mwaka 1943, na "anga" yake ni mahali pa kufikirika ambapo bado unaweza kupima urefu na pembe, lakini pande za kwenda hazina mwisho. Anga ni neno baya kwa sababu tayari lina mwenyewe. Nafasi nayo ina wapangaji wengi: nafasi ya kazi, nafasi ya kukaa, nafasi ya pili. Napendelea uwanda. Uwanda ni mahali unapoweza kutembea na kupima. Waendeshaji nao watoke ngeli ya watu wakapumzike. Opereta inatosha, neno la mkopo lisilo na aibu. Sioni ubaya wa kukopa. Aljebra yenyewe tumekopa, na kwa Kiarabu cha al-Khwarizmi neno hilo lilikuwa na maana ya kurudisha mahali pake, kama mganga anavyounga mfupa. Ubaya ni kukopa kamusi badala ya neno.

Katika uwanda wa Hilbert ugumu unaongezeka kwa namna ambayo shamba haliwezi kuonyesha. Fikiria tendo linalopunguza nguvu ya kila upande: wa kwanza linauacha ulivyo, wa pili linaupa nusu, wa tatu theluthi, wa nne robo, na kuendelea bila mwisho. Hakuna upande uliopotea kabisa. Kila mmoja umebakiwa na kitu. Lakini kulitendua ni kuzidisha kwa 1, 2, 3, 4 na kuendelea bila kikomo, na kosa dogo lililojificha upande wa milioni huzidishwa kwa milioni. Ili kitenduo kipana kiwe na mpaka, lazima pawe na pengo: kila upande ama upotee kabisa, ama ubakiwe na nguvu isiyopungua kiwango fulani. Wanahisabati huita hali hiyo eneo funge la matokeo. Kijana ameandika "safu iliyofungwa". Safu hii yangu, naomba ijulikane, iko wazi.

Na sharti la uthabiti je? Huko pande hazina mwisho, kwa hiyo kuhesabu cheo hakusaidii. Sharti analolitumia kijana, na hii ndiyo kazi yake hasa, linasemwa hivi: ukubwa wa mtikisiko ukizidishwa kwa ukubwa wa kitenduo usifike 1, na opereta mpya isitoe tokeo lolote, ila sifuri, ambalo kitenduo cha zamani hulipuuza. Kwa lugha ya bikoni, mtikisiko usifungue ghafla upande ambao jana ulikuwa kimya. Masharti hayo mawili yakitimia, kitenduo kipya kinaweza kupatikana kutoka kwa cha zamani kwa fomula ya mstari mmoja. Ameliandika sharti hili kwa alama tupu, bila neno hata moja la Kiswahili kati yake, kana kwamba alifika kwenye kina akaiacha ngalawa akaogelea.

Na pale masharti yasipotimia, kuna dawa, nayo ameitaja mwishoni kwa neno "ureguleshaji". Jamani. Mtoto wa Lamu! Dawa hiyo, inayohusishwa zaidi na Mrusi Andrey Tikhonov na makala zake za 1963, ni kuongeza kwa makusudi uzito mdogo kwenye hesabu ili jibu lisiyumbe. Unakubali jibu lililopinda kidogo ili usipate jibu lililokwenda mrama kabisa. Ukiuongeza mno, jibu linakuwa zito na halisemi kitu. Ukiupunguza mno, yanarudi yaleyale ya mita 10 kwa milimita 1. Sasa nani asiyejua neno la kitu hicho kati ya Matondoni na Faza? Jahazi tupu likitweka tanga hulala. Nahodha hupakia mawe au mchanga chini kabisa, mzigo usiouzwa sokoni, ambao kazi yake ni kulituliza jahazi tu. Akizidisha, chombo kinakaa chini mno majini. Ni farumi. Neno limo katika kamusi, limo katika midomo ya watu wa majini, na lina maana hiyo bila kuongezwa wala kupunguzwa. Kijana alivuka maji akaenda chuoni, na njiani akaitupa farumi baharini, akarudi na ureguleshaji.

Nimeulizwa zamani, na nitaulizwa tena, kwa nini tujisumbue: tasnifu inasomwa na watu watano, wote wanajua Kiingereza. Sina ugomvi na hao watano. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na TUKI mwaka 1990, na hisabati, kama jina linavyoonyesha, haikualikwa. Nchini Kenya darasa la hisabati halijawahi kuidai nafasi hiyo kwa sauti. Lakini mzee wa Kililana hakuomba tasnifu nzima. Aliuliza swali moja, kwa lugha yake, kuhusu hesabu ambayo karatasi yake ya ekari huenda imepitia ndani yake, na kila neno la kumjibu lilikuwepo tayari: tenda, tendua, cheo, uwanda, mtikisiko, thabiti, farumi. Manne kati ya hayo alikuwa akiyatumia kabla mwanawe hajazaliwa.

Anwani, basi, ningeiandika hivi: "Uthabiti wa Vitenduo Vipana vya Opereta za Uwanda wa Hilbert Panapotokea Mtikisiko Mdogo." Bado ni ndefu. Anwani za tasnifu ni ndefu katika lugha zote.

Na ikisiri yenyewe, ile ya kumsomea mzee barazani baada ya swala ya alasiri, ningeianza hivi, kijana aimalizie:

"Kuna matendo yasiyotenduka kikamilifu, kwa kuwa yanapofanyika hupoteza kitu. Kitenduo kipana hurudisha kinachoweza kurudi, na palipopotea huweka sifuri. Tasnifu hii inauliza: tendo likitikisika kidogo, je, kitenduo chake kitatikisika kidogo au kitaruka? Hakitaruka iwapo mtikisiko ni mdogo vya kutosha, na iwapo tendo jipya halitoi chochote ambacho kitenduo cha zamani kilikuwa kikikipuuza. Pale kinaporuka, tunatia farumi, na tunaeleza ni kiasi gani."